Mwili Unapotetemeka, Je, Imani Imekufa?



Jumapili moja ya msimu wa mvua tulikuwa katikati ya ibada. Mzee mmoja wa kanisa letu, mtu mwenye wajukuu, alikuwa amesimama mbele akitusomea Zaburi. Ghafla mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati. Aliyewahi kuketi chini ya mabati siku ya mvua ya mawe anajua kwamba hata mhubiri mwenye sauti kubwa hunyamaza. Lakini mzee wetu hakunyamaza tu. Biblia ilimtoka mkononi, akajitupa chini, akaingia chini ya benchi la kwaya na mikono yake juu ya kichwa. Alikaa pale akitetemeka mpaka mvua ilipopungua. Watoto walicheka. Na sisi watu wazima, nisiseme uongo, baadhi yetu tulicheka pia.

Kabla wiki haijaisha maneno yalikuwa yamefika kwenye bomba la maji na kwenye mstari wa posho. Wengine walisema mzee hana imani, kwa maana aliye na Roho wa Mungu haogopi. Wengine walisema ana pepo. Wengine, na hao ndio walioniumiza zaidi, waliuliza kwa sauti ya chini: huko nyumbani alifanya nini hata dhamiri imsumbue hivi? Baraza la wazee lilikutana, likaamua apumzike kusoma Neno mbele ya watu mpaka atakapoimarika. Mimi nilikuwamo katika kikao kile. Sikusema neno. Mzee hakubisha. Alishukuru, akachukua kofia yake, akaenda. Jumapili iliyofuata nafasi yake ilikuwa wazi, na iliyofuata tena.

Kabla ya kukimbia nchi yangu nilifundisha somo la biolojia kwa miaka mingi. Nilikuwa najua jambo ambalo lingeweza kumsaidia mzee siku ile, nikalinyamazia. Ndiyo sababu naandika leo. Swali langu ni hili: je, mtu anaweza kulaumiwa kwa jambo ambalo mwili wake umelifanya kabla yeye mwenyewe hajaamua? Na kama hawezi, lawama inaanzia wapi?

JINSI TULIVYOUMBWA

Tuanze na mwili wenyewe, kwa kuwa wengi wetu tunauhukumu bila kuujua.

Mungu ameweka ndani yetu mfumo wa fahamu, ambao una sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni makao makuu: ubongo ndani ya fuvu, pamoja na ile kamba laini inayoshuka ndani ya mifupa ya mgongo, ambayo vitabu vya shule huiita ugwe mgongo. Ya pili ni mishipa ya fahamu, yaani neva, ambazo hutoka makao makuu na kusambaa mwili mzima hadi kwenye ncha za vidole. Jozi 12 za neva hutoka kwenye ubongo, na jozi 31 hutoka kwenye ugwe mgongo. Baadhi hupeleka habari juu: moto, baridi, maumivu, sauti, mwanga. Nyingine huleta amri chini: shika, kimbia, simama.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4 hivi. Ndani yake mna seli za neva zipatazo bilioni 86, kwa hesabu iliyofanywa na watafiti wa Brazili na kutangazwa mwaka 2009. Kiungo hiki ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini kinatumia karibu asilimia 20 ya nguvu yote tunayoipata katika chakula. Watu waliopunguziwa posho wasishangae basi kwamba kichwa ni miongoni mwa viungo vinavyolalamika kwanza.

Sasa angalia jambo moja. Mama anapika ugali kwenye mafiga, anashika sufuria bila kitambaa. Mkono wake unaruka. Je, aliamua kuutoa? Hapana. Habari ya moto imepanda kwenye neva za mkono mpaka kwenye ugwe mgongo, na pale pale amri ya kuvuta mkono imerudi, bila kungoja ubongo. Habari hiyo hiyo inaendelea kupanda hadi kichwani, na ndipo mama anasikia maumivu na kusema, "Ayii!" Mkono ulikwisha kutoka kabla ya yeye kujua kwamba ameungua. Neva zenye kasi kubwa hupitisha habari mita 100 na zaidi kwa sekunde moja, lakini zile za maumivu yanayobaki yakiunguza huenda polepole, kiasi cha mita moja hivi kwa sekunde. Mungu hakumwachia mama huyu kazi ya kufikiri wakati nyama inaungua. Alimwekea mlinzi asiyengoja ruhusa.

Hakuna mchungaji aliyewahi kumwambia mama, "Umevuta mkono kwa sababu huna imani." Sote tunaona kwamba huo ni mwili unaofanya kazi yake. Sasa nataka mnifuate hatua moja mbele.

KENGELE NA BREKI

Ndani kabisa ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, kuna viini viwili vidogo vyenye umbo la lozi. Wataalamu huviita amigdala. Mimi nitaviita kengele. Kazi yao mojawapo ni kupokea habari za hatari na kuamsha mwili upesi, hata kabla ya sehemu ya kufikiri kumaliza kuuliza, "Hii ni nini?"

Kengele ikilia, amri hupita katika neva ambazo hatuziongozi kwa hiari. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio, pumzi hukaza, mboni za macho hupanuka, jasho hutoka, tumbo husimamisha kazi yake, damu huelekea kwenye misuli ya miguu na mikono. Mtu yuko tayari kukimbia au kupigana. Wengine hawakimbii wala hawapigani. Hukauka kama mti, sauti isitoke. Kuna dada na mama kati yetu ambao mpaka leo wanajilaumu kwa sababu siku ya ubaya hawakupiga kelele. Dada yangu, haukuwa uoga wala hukukubali lolote. Mwili ulifunga mlango wenyewe ili uokoke.

Pamoja na neva hizo za kuamsha, Mungu ametupa nyingine za kutuliza. Hizo hupunguza mwendo wa moyo, hurudisha tumbo kazini, huleta usingizi. Ni kama ndugu wawili wanaopokezana zamu katika nyumba moja: mmoja akiamka, mwingine hupumzika. Mtu mwenye afya ni yule ambaye ndugu hao wawili wanapokezana vizuri.

Na mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, kuna sehemu inayopima, inayokumbuka maagizo, inayosema "subiri kwanza". Hiyo ndiyo breki. Sehemu hii huchelewa kukomaa, mpaka mtu afikie umri wa miaka 25 hivi, na hulegea upesi mtu anapokosa usingizi au anapokunywa pombe. Kwa kawaida kengele hulia, kisha breki huangalia na kusema, "Ni mvua tu," na mwili hutulia.

Lakini mtu aliyepita katika hatari kubwa, tena na tena, kengele yake hujifunza. Hujifunza sauti, harufu, saa ya usiku, namna ya viatu. Inakuwa nyepesi kulia na nzito kunyamaza. Wahenga walilijua jambo hili bila kupasua ubongo: aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka. Hatukumcheka aliyeumwa. Tulijua kwamba nyoka alikuwa wa kweli.

Kengele haijui kalenda. Haijui kwamba tumevuka mpaka, kwamba miaka imepita, kwamba kile ni kipande cha barafu juu ya bati na si kile kingine. Inajua sauti tu. Mzee wetu alipoanguka chini ya benchi, mwili wake ulifanya kile kile kilichomwokoa zamani. Kama asingekuwa na mwili wa namna hiyo, labda tusingekuwa na mzee.

ASKARI WALIOUAWA KWA KUTETEMEKA

Mtu atasema, "Mwalimu, hayo ni maneno ya kisasa ya kuwatetea wanyonge." Basi tuangalie jambo lililotokea Ulaya, ambako watu waliulizwa swali hili hili wakajibu kwa bunduki.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, askari walikaa katika mahandaki wakipigwa na makombora usiku na mchana. Wengi walianza kutetemeka bila kukoma, wengine wakapoteza sauti, wengine kuona, ingawa miili yao haikuwa na jeraha. Mwaka 1915 daktari wa Kiingereza aitwaye Charles Myers aliandika juu yao katika jarida la waganga, na ugonjwa ule ukajulikana kama mshtuko wa makombora. Lakini kwa makamanda wengi jina lake lilikuwa fupi zaidi: uoga.

Kulikuwa na askari mmoja Mwingereza, Harry Farr. Mwaka 1915 alilazwa hospitali miezi mitano kwa mshtuko huo. Mkono wake ulitetemeka hata asiweze kushika kalamu, barua kwa mke wake zikaandikwa na mtu mwingine. Kisha alirudishwa vitani. Septemba 1916 alisema hawezi tena kwenda mbele. Alishtakiwa kwa uoga, hakuwa na mtu wa kumtetea, na tarehe 16 Oktoba 1916, alfajiri, alipigwa risasi na askari wa jeshi lake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 25. Aliacha mke na mtoto mdogo wa kike, na aibu ile iliwafuata.

Miaka 90 ikapita. Mwaka 2006 serikali ya Uingereza ilitoa msamaha kwa askari 306 waliouawa namna hiyo katika vita ile, kwa makosa kama uoga na kutoroka. Harry Farr alikuwa mmoja wao. Yule mtoto wa kike alikuwa bado hai, bibi mwenye zaidi ya miaka 90, akasikia kwa masikio yake jina la baba yake likisafishwa.

Nilipolisoma jambo hili nilifikiri juu ya kikao chetu. Sisi hatukumpiga mtu risasi. Lakini nasi tuliona mwili unaotetemeka tukausoma kama ushahidi wa moyo mbaya. Je, tutangoja miaka 90?

MAANDIKO YANASEMA NINI

Najua andiko linalotumika sana juu ya wanaotetemeka. Ni lile la Timotheo wa pili, sura ya kwanza, ambalo Paulo anamwambia kijana wake kwamba roho ya woga haikutoka kwa Mungu. Lakini Paulo huyo huyo, katika Wakorintho wa kwanza sura ya pili, anakiri kwamba alipofika Korintho alikuwa dhaifu, mwenye hofu, akitetemeka sana. Je, Paulo alijipinga mwenyewe? La. Roho ya woga ni kukubali hofu ikutawale, hata uache kazi uliyopewa. Paulo alitetemeka, na akahubiri. Mambo hayo mawili yalikaa katika mtu mmoja kwa siku moja.

Mwangalie Eliya. Juu ya mlima Karmeli alisimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali. Muda si mrefu baadaye, kwa ujumbe wa mwanamke mmoja, alikimbia hadi jangwani, akalala chini ya mti, akaomba afe. Ni mtu yule yule. Na Mungu alimfanyia nini? Hakumhubiria kwanza. Soma Wafalme wa kwanza, sura ya 19. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akamgusa mara ya pili, akamlisha tena. Maswali yalikuja baadaye, mlimani, na yalikuja kwa sauti ndogo, si kwa kishindo. Aliyeziumba neva anajua utaratibu wake: usingizi, chakula, mguso wa upole, na ndipo neno.

Mwangalie hata Bwana wetu mwenyewe katika Gethsemane. Marko anasimulia kwamba alifadhaika sana. Luka, aliyekuwa tabibu, anaeleza jasho zito lililomtoka hata kufika ardhini. Huo ni mwili wa binadamu, kengele ikilia kwa nguvu zote. Na sisi tunakiri kwamba hakutenda dhambi. Basi jasho lile halikuwa dhambi. Moyo uliopiga mbio haukuwa dhambi. Tena aliwaomba rafiki zake jambo moja dogo, wakeshe pamoja naye. Wao wakalala. Kosa la usiku ule bustanini halikuwa la aliyetetemeka, lilikuwa la waliomwacha atetemeke peke yake.

JE, MISHIPA ITAMSAMEHE KILA MTU?

Niliyaeleza haya kwa kikundi cha akina mama kabla ya kuyaandika. Nilipomaliza, mama mmoja aliyekuwa ameketi nyuma, mtoto mgongoni, aliinua mkono. Akasema, "Mwalimu, nimekusikia. Na mume wangu je? Naye akinipiga husema si yeye, ni vita. Nimsamehe kwa sababu ya mishipa?"

Nilikaa kimya kwa muda. Swali lake ni zito kuliko langu. Kama tutasema mwili ndio uliofanya, tumeondoa lawama kwa mzee wa chini ya benchi, lakini tumefungua mlango ambao kila mwenye ngumi atapita. Nimelifikiria kwa majuma kadhaa, na jibu langu ni hili.

Kwanza, kushtuka si kupiga. Kengele hulia mara moja, chini ya sekunde. Mtu anayeamshwa ghafla usingizini akarusha mkono, huo ni mwili, na mkewe akijifunza kumwita kwa jina akiwa mlangoni badala ya kumgusa, mambo yatapungua. Lakini mtu anayefunga mlango kwanza ili majirani wasisikie, anayetafuta fimbo, anayepiga akisema maneno, huyo amefanya maamuzi mengi. Kila moja lilipita nyuma ya paji la uso wake.

Pili, angalia anampiga nani. Karani wa posho humwudhi mara ngapi? Askari wa lango humdharau mara ngapi? Hao hawapigi. Anarudi nyumbani, anampiga mwenye nguvu ndogo kuliko yeye. Breki iliyofanya kazi mbele ya askari ipo, haijavunjika. Yeye anachagua mahali pa kuikanyaga na mahali pa kuiachia.

Tatu, hata pale ambapo breki kweli imelegea, wajibu haufi, bali unarudi nyuma hatua moja. Mwenye nyumba ya nyasi anayejua kwamba upepo ni mkali hawezi kuacha moto nje, kisha akasema, "Ni upepo." Baba anayejua kwamba kengele yake ni nyepesi hana ruhusa ya kuimwagia pombe ya kienyeji. Ana wajibu wa kutoka nje hasira inapopanda, wa kusema ukweli kwa mshauri, wa kwenda kituo cha afya. Hatuhukumiwi kwa cheche iliyoruka. Tunahukumiwa kwa kuni tulizozikusanya kando yake.

Na Petro atufundishe. Usiku ule katika ua wa kuhani mkuu, moyo wake ulipiga mbio mbele ya kijakazi. Mapigo yale hayakuwa dhambi. Maneno yaliyofuata, tena mara tatu, yalikuwa yake. Yeye mwenyewe alijua, akatoka nje akalia. Hakusema, "Ni mishipa." Na Bwana hakumtupa. Kando ya ziwa, penye moto wa makaa, alimwuliza mara tatu kama anampenda, akamrudishia kazi. Ukweli wa kosa na kurudishwa kazini vilikwenda pamoja.

Kwa hiyo nilimjibu mama yule hivi: vita inaweza kutueleza kwa nini mumeo anateseka. Haimpi ruhusa ya kukutesa. Unaweza kumwombea ukiwa mahali salama, na kanisa linalokuambia urudi kupigwa kwa jina la uvumilivu linakosea. Siku hiyo hiyo akina mama walimpeleka kwa wanaohusika na ulinzi wa wanawake.

Nakiri kwamba katikati, baina ya mzee wa chini ya benchi na baba mwenye fimbo, kuna watu wengi ambao hatuwezi kuwapima. Hatuoni ndani ya fuvu la mwenzetu. Hatujui breki zake zimebaki kiasi gani. Mungu pekee ndiye ajuaye. Kwa sababu hiyo nadhani kanuni yetu iwe moja: tuwe wazito kuhukumu na wepesi kulinda. Anayetetemeka alindwe na dharau. Anayepigwa alindwe na ngumi.

BASI TUFANYE NINI?

Naomba niyaweke mambo machache mbele ya kanisa.

Moja, tuache kupigia watu kelele masikioni tunapowaombea. Maombi yasikiwayo mbinguni hayahitaji kumtikisa mtu ambaye kengele yake tayari inalia. Mkono mwepesi begani, tena baada ya kumwomba ruhusa, unatosha.

Mbili, mwenye kushtuka aachiwe nafasi karibu na mlango, aone nje. Wapiga ngoma waanze polepole. Ni jambo dogo, halina gharama.

Tatu, mtu akishikwa na hofu, keti karibu naye. Mwambie jina lake, mwambie mahali alipo na siku ya leo. Pumueni pamoja, mkivuta hewa taratibu na kuitoa kwa muda mrefu zaidi ya kuivuta. Pumzi ya namna hiyo huwaamsha wale ndugu watulizaji niliowataja, na moyo hupunguza mbio.

Nne, tusichanganye magonjwa ya fahamu na mapepo. Kifafa, kwa mfano, ni ugonjwa wa ubongo na una dawa. Mtu asiambiwe aache vidonge ili kuonyesha imani. Kuacha vidonge ghafla kunaweza kumwua. Ombeni, na dawa zinywewe.

Tano, anayekosa usingizi usiku baada ya usiku, anayeona yaliyopita kana kwamba yanatokea leo, anayetamani kufa, asifichwe. Asindikizwe kituo cha afya, na ndugu mmoja aende naye.

Mwisho nirudi kwa mzee wetu. Baada ya majuma saba mimi na mzee mwenzangu tulikwenda kwake. Tulimkuta akipalilia mahindi. Tuliketi kwenye mkeka, mkewe akatuletea chai. Nikamwomba radhi, kwa kucheka na kwa kunyamaza. Aliangalia chini kwa muda. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilidhani nyote mlisikia." Nikamwuliza, tulisikia nini? Akasema, "Pale chini nilikuwa nikiendelea kusoma. Ile Zaburi naijua kwa kichwa. Niliimaliza."

Hatukuwa tumesikia, mvua ilikuwa kubwa. Tulikuwa tumeona mwili tu, na kwa mwili tukahukumu imani. Kumbe imani ilikuwa pale chini ya benchi pamoja na mwili, ikitetemeka, ikisoma.

Mzee amerudi. Anaketi karibu na mlango. Baraza limekubali asome tena, na tumepatana kwamba mvua ya mawe ikija, ibada itasimama, mmoja wetu atakwenda kusimama karibu naye, na tutangoja wote mpaka ipite.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Ni nani katika jumuiya yetu ameacha kuja ibadani kwa sababu ya aibu ya mwili wake? Nani atakwenda kumtembelea wiki hii?

2. Je, kuna jambo ninalosema "ni vita" au "ni hasira zangu", ambalo kwa kweli nina uwezo wa kulizuia?

3. Soma Wafalme wa kwanza sura ya 19, mstari wa 1 hadi wa 13. Malaika alianza na nini, na sisi huanza na nini?

SALA

Bwana, wewe uliyetufuma neva na mifupa, unajua tulivyo. Wasamehe waliocheka, nami ni mmojawapo. Watulize wanaoshtuka usiku. Wazuie wanaoinua mikono juu ya wanyonge. Utufundishe kukesha na wenzetu wala tusilale. Kwa jina la Yesu, Amina.